Nilivyolifuatilia jani la mkoko Mbweni

Swali la utafiti wangu wa shahada lilikuwa fupi: mikoko ya mdomo wa Mto Mpiji inadondosha majani kiasi gani, na kaboni iliyomo inaishia wapi? Wenzangu walinishauri niende Msimbazi, pale Daraja la Selander, kwa sababu daladala hazikauki. Nikakataa. Msimbazi unapita katikati ya jiji na kubeba majitaka ya mitaa mingi, na kaboni ya chooni haina alama usoni, ukiipima utaihesabu kuwa ya mimea. Nikachagua Mpiji, mto unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani na kuingia baharini pale Mbweni.

Kukinga majani ndiyo kazi nyepesi. Niliunda fremu za meta moja ya mraba kwa mabomba ya plastiki, nikazishonea chandarua, nikazifunga kwenye matawi juu ya pale maji yanapofika yakijaa. Chandarua kinapitisha mvua lakini hata kikonyo cha ua kinabaki. Nilichokusanya nilikitenganisha, jani mbali, kijiti mbali, ua na tunda mbali, kisha nikakausha kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 60 hadi uzito ukaacha kushuka. Karibu nusu ya uzito wa jani kavu ni kaboni, kwa hiyo hesabu ya awali haikunitesa.

Ratiba nilipangiwa na mzee mmoja mvuvi. Siku niliyompa shikamoo nikiwa na ndoo na daftari, alijibu marahaba, akanitazama, akasema: "Mwanangu, leo maji mafu, kule utafanya nini? Ngoja bamvua." Nikaiweka kando kalenda ya chuo nikafuata mwezi: siku za maji mafu bahari hupwa na kujaa kidogo tu, siku za bamvua hupwa na kujaa sana. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hukauka saa nne asubuhi hivi na kujaa saa kumi jioni. Ukishuka saa tatu unapata muda wa kutosha wa kufanya kazi kwenye tope, na jioni hiyo hiyo unaona maji yanabeba nini yanaporudi.

Sasa jani likishadondoka? Hapo ndipo utafiti uliponoga. Nilifunga majani kwa uzi mwekundu wa cherehani, nikayaacha chini ya miti, nikakaa pembeni. Kaa hawakuchelewa. Uzi baada ya uzi ulikuwa ukiishia shimoni, na nilipofukua nilikuta jani limekatwakatwa ndani kabisa. Kama ningepima tu yale yanayoelea kwenda baharini, ningewanyima kaa sehemu yao kubwa. Konokono wakubwa wa matopeni nao wanakula, ila kwa mwendo wao.

Sambamba na hilo niliweka majani kwenye vifuko vya wavu mwembamba ambavyo kaa hapenyi. Jani likilowa, siku za mwanzo huachia majini sukari na tanini zake (kemikali chungu za mimea), halafu bakteria na kuvu wanaendelea. Majani ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, yaliisha mapema. Ya mkoko wenyewe (Rhizophora), yenye tanini nyingi, yalikuwa magumu kwelikweli.

Uzalishaji wa mwani majini niliupima kwa chupa mbili, moja ya kupitisha mwanga na nyingine imefungwa foili, nikilinganisha oksijeni. Wakati wa masika maji ni tope tupu, mwanga haushuki, na mwani haufanyi la maana. Sikupoteza muda mwingi hapo.

Kilichonishughulisha zaidi ni udongo. Nilizamisha bomba kwenye tope, nikalivuta, nikalipasua kwa urefu. Milimita chache chini ya uso oksijeni inakwisha, wanabaki bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na ndiyo maana kunanuka kama mayai viza. Huko uozo unakwenda polepole mno, kaboni inalala muda mrefu. Vipande nilivikausha, nikavichoma kwenye tanuri kwa nyuzi 550, na uzito uliopotea ukanipa kiasi cha mabaki ya viumbe hai.

Lakini kabla ya kuchoma nilikuwa nachambua kwa kibano, na kilichojaa humo hakikuwa majani. Ni vizizi vyembamba, vilivyokufa palepale vilipoota, ambavyo hakuna kaa wa kuvivuta wala maji ya kuvibeba. Chandarua changu juu ya mti kisingeviona kamwe. Msimamizi alipokubali niongeze sura ya mizizi, nilirudi Mbweni bamvua iliyofuata nikiwa na vifuko vya udongo usio na mizizi, nikavifukia chini ya mikoko ili nione vitajaa kwa kasi gani.