Nilivyotenganisha papa kwenye daftari la diko

Daftari letu la diko, yaani pwani mashua zinaposhusha samaki, kaskazini mwa Unguja, lilikuwa na safu moja tu: papa, na kilo zake. Halikumfaa mtu. Kilo 200 zaweza kuwa papa wakubwa watatu, au mamia ya pingusi (papa wenye kichwa kama nyundo) wachanga, na kwa bahari hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Nilianza kwa kubadili saa ya kupima. Papa hupimwa mashua za jarife (wavu wa papa) zinapoteremsha, kabla ya mnada, kwa sababu mnunuzi akishakata kichwa, alama bora ya pingusi imekwenda. Tazama ukingo wa mbele wa kichwa. Ukiwa na kishimo katikati kabisa, elekea kwa Sphyrna lewini, mmoja wa aina tatu za pingusi ninazozitenganisha. Ukiwa umepinda taratibu bila kishimo hicho, ni Sphyrna zygaena. Ukiwa karibu umenyooka, na pezi la mgongo ni refu kama mundu, ni Sphyrna mokarran. Wachanga ndio wanaochanganya, maana mokarran mdogo naye ana ukingo uliopinda. Hapo geuza samaki utazame mapezi ya tumbo: ukingo wa nyuma wa lewini umenyooka, wa mokarran umebonyea ndani.

Urefu tunapima hadi panda ya mkia, si ncha yake. Ncha hubadilika kadiri unavyouvuta mkia, na watu wawili hupata vipimo viwili. Futi kamba ipite chini, kwenye ubao, samaki alale juu yake. Ukiifuatisha mgongoni, tumbo lililojaa linakuongezea sentimita ambazo hazipo. Jinsia ni rahisi: dume ana vijiti viwili kwenye mapezi ya tumbo, vikiwa laini bado hajapevuka, vikiwa vigumu amepevuka. Kwa wadogo, angalia pia kovu la kitovu katikati ya mapezi ya kifua. Likiwa bado wazi, samaki amezaliwa karibuni, na ni lazima umuulize nahodha palepale alitega wapi, kina gani na tundu la wavu lina ukubwa gani. Hiyo ndiyo safu ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha mazalio yalipo.

Wadogo huuzwa kwa mafungu. Hesabu fungu zima, kisha pima kila wa tano. Ukiokota kwa macho utaokota wakubwa.

Papa akifika bila kichwa, lipo pezi la kwanza la mgongo. Pima kutoka linapoanzia mbele hadi kileleni, tuseme sm 40. Katikati ya mstari huo, kwenye sm 20, pima upana wa pezi, tuseme sm 14. Gawanya: 2.86. Ikifika 2.5 au zaidi na rangi ni moja iliyopauka, ni pingusi. Pezi lililochunwa ngozi au kupunguzwa kingo halipimiki hivyo.

Spishi hizi tatu za pingusi zimo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, tangu Septemba 2014, na Carcharhinidae, jamii nyingine ya papa, iliingia nzima Novemba 2023. Kibali cha kusafirisha mapezi hudai kwanza uthibitisho wa kisayansi kwamba biashara haiwadhuru papa wenyewe, na uthibitisho huo hauwezi kujengwa juu ya safu moja ya kilo. Kwa hiyo usipokuwa na hakika andika "pingusi, aina haijajulikana", upige picha ya kichwa kwa chini na ya mapezi ya tumbo, na namba ya mstari wa daftari ionekane ndani ya picha.