Mkono wa Kushoto wa Kisumu

Hosteli nzima ilituita kwa miji tuliyotoka. Mimi Mwanza, yeye Kisumu. Tulikuwa tumetoka ncha mbili za ziwa moja tukakutana Kampala mwaka 2016, kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi wa muhula mmoja, na tukapangiwa chumba kimoja cha chini, jirani na geti. Mimi sioni. Yeye ni kiziwi. Kwenye karatasi za ofisi sote tulikuwa "mahitaji maalumu", basi tukawekwa pamoja kama vyombo vya seti moja. Tutasemezana vipi? Hilo halikumjia mtu.

Wiki ya kwanza tulikaa kwa simu. Yeye anaandika, simu yangu inanisomea. Mimi naandika, anasoma mwenyewe. Simu yangu haikuwa na sauti ya Kiswahili, kwa hiyo kila alichoandika kilinifikia kwa matamshi ya Mzungu aliyeteremka Entebbe asubuhi hiyohiyo. Aliponiandikia "njoo tule", nilimwomba arudie mara tatu.

Darasani mambo yalikuwa nusu nusu kwa wote wawili. Vitabu vyangu vililetwa vikiwa picha za kurasa, na kompyuta inayonisomea kwa sauti ikifika hapo inanyamaza. Yeye alipewa mkalimani, kijana hodari aliyesomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, lakini alama zake zilikuwa za Uganda na za Kisumu ni za Kenya. Watu hudhani viziwi wote duniani wana lugha moja. Wawili hao walianza kwa kutambiana: mkalimani akasema katiba ya Uganda iliitaja lugha ya alama tangu 1995, Kisumu akajibu kwamba ya Kenya ya 2010 imeiingiza bungeni, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Walichoelewana bila shida ni herufi za vidole, zile za mkono mmoja zenye asili ya Marekani.

Herufi hizo ndizo alizonifundisha. Anaunda herufi, naufunika mkono wake kwa kiganja changu, nasoma kama ninavyosoma breli, ila breli hii ina joto na mara nyingine inanuka vitunguu vya rolex, ile chapati ya Kampala inayoviringishiwa mayai. L ni rahisi, kidole cha shahada na gumba vimetanuka. B ni kiganja kilichonyooka. Kilichonitoa jasho ni neno "asante". A, S, N, T, E: zote ni ngumi. Kinachozitenganisha ni gumba tu. Likikaa ubavuni ni A, likikatiza mbele ya vidole ni S, likijificha chini ya vidole viwili ni N, likichungulia katikati yao ni T, vidole vikishuka kulilalia ni E. Neno la adabu kuliko yote, na ndilo gumu kuliko yote. Kisumu alinirudisha hapo kila jioni.

Usiku ninaousimulia ilinyesha mvua ya mawe na umeme ukakatika. Mimi giza halinihusu, nililala. Niliamshwa na mkono unaotetemeka, wa moto kama sufuria. Alikuwa ametapika. Simu yake ilikuwa imezima tangu jioni, yangu ilikuwa na asilimia nne. Nikashika fimbo, tukatoka hadi getini.

Askari wa geti alikuwa mzee aliyewahi kuwa jeshini, na ndiye mtu pekee pale hosteli aliyetusemesha Kiswahili bila haya. Kampala wengi wanakijua lakini wanakikwepa; bado kwao ni lugha ya bunduki.

"Afande, shikamoo. Mwenzangu anaumwa."

"Marahaba, binti. Ngoja nichukue koti."

Alitutangulia hadi zahanati moja ya karibu, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mimi nimemshika Kisumu kiwiko, yeye ameniegemea bega. Nani alimwongoza nani, sijui.

Muuguzi alikuwa na tochi ya simu tu. Akamuuliza Afande: "Wanaumwa nini hawa?" Afande akasema, "Muulize huyu." Basi nikawa mkalimani. Muuguzi anauliza kwa Kiingereza, mimi naunda herufi za Kiswahili kwenye mwanga wa tochi, Kisumu ananijibu mkononi. Ilianza lini? Jana. Inauma wapi? Kiuno. Nilipofika "m-i-m-b-a?" alinifinya kwa hasira na nikajua jibu bila herufi.

Kipimo cha malaria kikatoka hasi. Muuguzi akasema hii ni UTI, na kwa sababu ametapika sana atamtundikia dripu kwanza. Sindano ikaingia mkono wa kulia, ukafungwa plasta kwenye kibao. Mkono wa kuandikia. Mkono wa kuongelea, vilevile.

"Nitampa Septrin," muuguzi akasema.

Nikaunda s-e-p-t-r-i-n. Kisumu akanyamaza kidogo, kisha mkono wa kushoto ukaja kwenye kiganja changu. Ule wa kushoto sikuwa nimewahi kuusoma. Gumba lilikuwa upande nisiouzoea. Ngumi, kisha ngumi nyingine. Nikaondoa kiganja.

"Anasema asante," nikamwambia muuguzi.

Nikasikia kopo la vidonge likifunguliwa.

Maisha yangu yote watu wamenimalizia sentensi. Nikisema "naomba", mtu ameshanishika mkono ananivusha barabara ambayo sikutaka kuivuka. Ninalalamika juu ya hilo kila nipatapo nafasi, na nililalamika hata kwenye barua yangu ya kuomba kujiunga na mpango huu.

Kisumu akanipiga kofi la kiganja. Kweli, kofi. Akakivuta kiganja changu akakibandika juu ya mkono wake na kukishikilia kwa kidevu, maana mkono wa pili haukuwepo. Pole pole. Ngumi, gumba mbele: S. Ngumi, gumba ubavuni: A. Kisha vidole viwili vikafunguka, shahada na gumba. L. Kwenye "asante" hakuna L.

F. A.

"Sista, subiri! Salfa. Anasema salfa."

"Salfa imefanyaje?"

Nikamuuliza. Herufi zilikuja moja moja: v-i-m-b-a. Uso. Utotoni, karibu afe.

Muuguzi akafunga kopo. Hakusema kitu kwa muda, nikasikia tu karatasi ikifutwa na kuandikwa upya. Septrin ina salfa ndani yake. Yeye alijua, mimi sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ufunguo. Alipata dawa nyingine. Afande, aliyekuwa amekaa mlangoni wakati wote huo, akasema, "Binti, hii lugha yenu ina amri kali kuliko ya jeshi."

Tulirudi hosteli kunakucha, bodaboda za kwanza zikipita. Kisumu alijilaza, mkono wa kulia ukiwa na pamba na plasta, nami nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikisubiri alale. Hakulala. Aliutafuta mkono wangu, akaleta ule wa kushoto, akaanza: ngumi, ngumi, ngumi, ngumi, ngumi, ngumi. Akarudia. Nikafuatisha gumba lake hadi mwisho, herufi zote sita, halafu nikamuundia: "s-a-l-f-a?"

Akanifinya palepale aliponifinya usiku.