Siku yangu na seli za mafuta, Dundee, Uskoti

Saa 1 asubuhi. Dundee mwezi wa Desemba, saa hizi bado ni giza totoro. Nafungua inkubeta, nyuzi 37, nachungulia kwa hadubini. Seli zangu za 3T3-L1, za panya, zimegeuka kuwa seli za mafuta na kujaa matone yanayong'aa. Zimenona.

Saa 3. Natia dawa. Nataka kujua AMP duara, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli, inafanya nini kwa utengenezaji wa protini. Sahani ya kwanza inapata kiyeyushi tu, ya kulinganishia. Ya pili forskolini, itokayo kwenye mizizi ya mmea wa India. Huamsha kimeng'enya kinachounda AMP duara. Ya tatu AMP duara yenyewe, iliyovishwa vipande viwili vya kemikali viitwavyo butirili ili ipenye ndani ya seli. Ya nne butireti tupu, na hiyo sikubali mtu aiondoe. Vazi lile likivuliwa ndani ya seli huacha butireti, nayo peke yake huamsha jeni nyingi. Mwaka jana niliiruka, nikapoteza miezi miwili nikiisifia AMP duara kazi isiyo yake.

Saa 3 na dakika 50. Puromaisini, dakika 10 kamili. Ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, huidhania ni tRNA, molekuli inayoleta vijenzi vya protini, huibandika kwenye mnyororo wa protini, na mnyororo hukatika ukiwa na alama. Alama zikiwa nyingi, protini zinatengenezwa kwa wingi. Sahani ya tano ina saikloheksimidi, inayozisimamisha ribosomu. Alama zisipofifia hapo, jaribio halina thamani.

Saa 4, barafu. Kupasua seli, kupima protini, kumimina jeli.

Saa 7 mchana nampigia mama Morogoro. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" Nakula tukiongea.

Saa 9, umeme unavuta protini kwenye jeli. Tangu Sutherland aitambue AMP duara miaka ya 1950 (Nobel akaipata 1971), wengi tumefundishwa kuwa ni mjumbe wa kuamsha. Lakini kwenye seli hizi, ndani ya dakika chache, AMP duara huamsha protini kinesi A (kinesi ni kimeng'enya kinachotia protini fosfeti), nayo huiamsha kinesi ya eEF2, protini inayoisogeza ribosomu mbele; eEF2 inatiwa fosfeti, na ribosomu zinapunguza mwendo. Wakati huohuo, kwenye kiini, protini iitwayo CREB inawasha jeni fulani, ambazo protini zake huongezeka saa kadhaa baadaye. Anayeniuliza kama inaongeza au inapunguza, namuuliza: protini ipi, na baada ya muda gani?

Saa 2 usiku, picha ya utando niliohamishia protini kutoka kwenye jeli inatokea, na weusi ndio alama za puromaisini. Forskolini imefifia. AMP duara imefifia. Butireti ni nyeusi sawa na sahani ya kwanza.