Wiki moja Cape Town na baba: daftari la maandalizi

Januari 11

Daftari hili ni la safari moja tu. Siku saba Cape Town, mimi na baba, mwisho wa Aprili.

Baba analima zabibu Hombolo tangu sijazaliwa: eka mbili na nusu za Makutupora nyekundu na mistari michache ya Chenin Blanc. Hajawahi kuona mzabibu nje ya mkoa wa Dodoma. Krismasi tulikuwa tumekaa barazani akaniuliza, "Hivi huko kwenye baridi mzabibu unalala kweli, au ni maneno ya mabwana shamba?" Kwetu haulali. Hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anaupogolea, unachipua, anavuna, anaupogolea tena, na mwaka mmoja unampa mavuno mawili. Nikamjibu kwamba nitampeleka akaone mwenyewe. Dada alikuwepo, na dada hasahau ahadi ya mtu.

Kwa nini Aprili? Kule majira yamegeuzwa ukilinganisha na Ulaya, na Machi hadi Mei ndiyo majani yanapukutika. (Nikisema "vuli" baba anawaza mvua, kwa hiyo tunasema "majani kuanguka" na tunaelewana.) Mvua za Cape Town ni za kipupwe, hushika kasi kuanzia Juni. Ule upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, wanaouita Daktari wa Cape kwa kuwa hufagia moshi na uchafu wa mji, unakuwa umepungua. Na baba atakuwa ameshavuna.

Januari 19

Rasimu ya kwanza: mji, Robben Island, Table Mountain, Rasi ya Tumaini Jema, Hermanus, Cape Agulhas, na miji ya mizabibu: Stellenbosch, Franschhoek, Paarl. Nikamtumia dada. Jibu lake: "Hii ni likizo au mbio za Mwenge?"

Nimeanza kukata. Hermanus imekwenda ya kwanza, maana watu huifuata kwa ajili ya nyangumi, na nyangumi hufika kuanzia Juni hivi. Aprili tungekaa juu ya mwamba tukitazama maji. Agulhas imeniuma zaidi. Hiyo ndiyo ncha halisi ya kusini ya bara letu, na hapo ndipo rasmi Bahari ya Hindi inakutana na Atlantiki, siyo Cape Point, kule kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kama wengi wanavyodhani. Lakini ni zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, kwenda tu. Mzee wa miaka 68 simkalishi kwenye gari siku nzima ili apige picha na jiwe.

Februari 2

Pasi ya baba. Visa haitusumbui, Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila visa kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Kilichotusumbua ni herufi moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu limeandikwa kwa "L", kwenye kitambulisho kwa "R". Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza. Tumeishia kwa wakili kula kiapo. Wiki mbili zimepotea, na baba kila jioni ananipigia: "Mwanangu, kama ni shida tuache." Hataki kuacha. Anataka nimbembeleze.

Februari 23

Leo nimekaa na mpangilio wa siku zenyewe, na hapa ndipo nilipojifunza kitu.

Nilikuwa nimeupangia Table Mountain siku ya pili saa nne asubuhi, na Robben Island siku ya mwisho ya mjini. Makosa yote mawili. Gari la kamba la kupanda mlimani, lililoanza kazi mwaka 1929, husimama upepo ukizidi, na lile wingu jeupe wanaloliita kitambaa cha meza likitanda juu huoni hata viatu vyako. Boti ya Robben Island nayo bahari ikichafuka haiendi. Kwa hiyo kisiwa nimekileta asubuhi ya kwanza, ili kikiahirishwa tuwe na siku za kujaribu tena. Mlima sijaupa siku. Tukiamka tukauona uko wazi, tunaacha kila kitu tunakwenda.

Robben Island sitaikata hata iweje. Baba alikuwa mtoto wapigania uhuru wa ANC walipokuwa na kambi Kongwa, mkoa huohuo wetu. Anakumbuka wakubwa wakisema "wale wageni" kwa sauti ya chini. Mandela alikaa kisiwani miaka 18 kati ya ile 27 ya kifungo chake. Nilipomtajia boti, baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huko twende hata kama mizabibu imekauka."

Bo-Kaap, mtaa wa kale wa Waislamu mjini, tutatembea kwa miguu tu, jioni. Nataka kuuona msikiti wa Auwal wa mwaka 1794, na kula sambusa zao nijue kama zinazifikia za Kariakoo. Nina mashaka.

Machi 9

Baba yuko kwenye mavuno, hapatikani kwenye simu mpaka usiku. Bei ya mwaka huu hataki kuizungumzia. Mchuzi wa zabibu (maji yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo) wa msimu uliopita bado uko kwenye matangi ya jirani yake, haujapata mnunuzi.

Nimeamua gari tulikodi kuanzia siku ya nne tu. Mjini ni mzigo: maegesho, na roho juu. Siku ya nne tunashuka pwani kwa Chapman's Peak, kilomita 9 zenye kona 114 zilizochongwa kwenye ubavu wa mlima juu ya Atlantiki, barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 1922. Kisha Cape Point, tulale Simon's Town, asubuhi tuwaone pengwini wa ufuko wa Boulders kabla mabasi ya watalii hayajafika. Usiku mmoja wa pwani. Dada anasema ni mdogo. Mimi nakaa Dar, pwani naijua. Tena maji ya upande wa Atlantiki, kwa ule mkondo wa Benguela, ni baridi ya kuuma mifupa. Hatuogelei.

Machi 17

Nimemtumia baba picha ya shamba la mizabibu la Stellenbosch mwezi Mei. Mistari mizima myekundu kama damu. Nilidhani atafurahi. Saa tatu usiku simu ikaita.

"Hilo shamba linaumwa."

Nikacheka, nikamwambia ni msimu, majani kule hubadilika rangi. Akasema, "Jani la njano nitakubali. Hilo jekundu, kikonyo na mishipa ni rangi gani? Limejikunja?" Nikavuta picha. Mishipa ya kijani. Kingo zimejikunja kwa chini.

Nimesoma hadi usiku wa manane. Mzee yuko sahihi, kwa sehemu kubwa. Kuna kirusi kinachokunja majani ya mzabibu. Kwenye aina za zabibu nyekundu, jani lililoambukizwa hugeuka jekundu na kubakiza mishipa ya kijani, wakati jani lenye afya la aina nyingi hufifia njano tu. Zipo aina ambazo jani lake jekundu ni la asili, lakini mandhari nyingi tunazozisifia kule ni ugonjwa. Kinasambazwa na vidudu vyeupe vyenye unga, na zaidi na vipando vyenye maambukizi. Hakiui mzabibu, ila zabibu huchelewa kuiva na sukari hupungua.

Tangu siku hiyo baba ndiye anayeniuliza maswali, na mimi ndiye ninayekimbia kutafuta majibu. Wanapogolea mwezi gani? Mzabibu wao unaishi miaka mingapi? Ile Chenin, ni hii yetu? Ni hiyohiyo, Waafrika Kusini waliiita Steen kwa muda mrefu kabla hawajajua ndiyo Chenin, na ndiyo waliyoipanda kuliko zabibu nyingine yoyote. Akauliza pia vibarua walilipwaje zamani. Nikamwambia kwamba kwa vizazi vingi sehemu ya ujira ilikuwa mvinyo, kikombe kwa kikombe shambani, na kwamba kabla ya hapo waliolima ni watumwa, baadhi yao wametolewa pwani yetu hii ya mashariki. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

Machi 30

Mpango umefungwa. Tunaondoka Aprili 24, mjini usiku tatu, Simon's Town mmoja, Stellenbosch mbili, Franschhoek mmoja, tunarudi Mei 1. Muungano na Mei Mosi zimeniokolea siku mbili za likizo kazini.

Usiku ule wa Franschhoek ulikuja baadaye. Pale kuna tramu na mabasi yake yanayokuzungusha kwenye mashamba, unashuka, unaonja, unapanda linalofuata. Awali nilipanga tuonje halafu niendeshe kilomita 30 kurudi Stellenbosch. Baba: "Nani ataendesha?" Basi tunalala hukohuko.

Aprili 12

Nimeenda Hombolo kumsaidia kufungasha. Sweta mbili, koti la marehemu babu, kadi ya njano ya chanjo, na chini kabisa, limefungwa kwenye gazeti, begi tupu la plastiki lenye unyevu.

"La nini, baba?"

"La kipando. Kimoja tu cha Chenin yao."

Nikamkumbusha simu yake mwenyewe ya Machi 17. Alinitazama, akatazama mizabibu yake pale nje, akalitoa begi. Dakika tano baadaye nikamkuta anaingiza mkasi wa kupogolea kwenye mkoba wa mkononi. Nimeuhamishia kwenye sanduku la chini ya ndege. Wa kupogolea mzabibu wa nani, sijamuuliza.