Matuta sita

Mama alikuja kutoka Muheza wiki iliyopita. Nilikuwa nimemsimulia bustani yangu kwenye simu tangu Agosti, kwa hiyo hata maji hajanywa nikamvuta uani. Akahesabu kwa kidole: matembele matuta mawili, mchicha mawili, bamia moja, mnavu moja. Kila tuta mita 1 kwa 3. Akaniuliza, "Na bustani yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Iliniuma, ila namwelewa. Kwao ardhi inasemwa kwa heka, hatua 70 kwa 70, na yeye anazo mbili za michungwa na mihogo. Kiwanja chetu hapa Mbagala ni mita 20 kwa 20. Nyumba, choo na banda la kuku vikishakaa, kinachobaki ndicho hicho.

Lakini heka zake ni shamba. Shamba unaliachia mvua. Bustani inakutegemea wewe, asubuhi na jioni, ndiyo maana mimi naihesabu kwa madumu. Mchanga wa huku haushiki maji: mwagia alfajiri, saa nane mchana matembele yameshanywea. Kila tuta dumu moja asubuhi, moja jioni. Matuta sita, madumu 12, lita 240 kwa siku. Bomba lisipotoka nachota kwa jirani mwenye kisima, nyumba ya nne kutoka kwetu.

Jioni ya pili mama akakataa kukaa, akashika dumu. Baada ya safari ya tatu akaketi kwenye kigoda, akasema, "Punguza basi, yabaki matatu."

Hapo ndipo sikubali. Mchicha unachukua kama wiki tatu au nne toka kusia mpaka kung'oa. Nikiwa na tuta moja, nikishaling'oa tunarudi kununua mafungu gengeni mpaka lingine liwe tayari. Kwa matuta mawili yanayopishana, sufuria ya watu watano haikosi mboga. Bustani iliyo chini ya hapo ndiyo naiita ndogo, hata ingekuwa na maua ya kupendeza kiasi gani.

Alipoondoka nilimfungia matembele kwenye kanga. Akanionyesha pale nyuma ya banda la kuku, penye samadi, akasema panafaa tuta la saba. Nimeshapapima kwa kamba. Nangoja masika.