Mnyororo wa T-34/85 usikazwe

Kifaru cha Kisovieti T-34/85 hakina vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo, kwa hiyo mnyororo hulala juu ya magurudumu makubwa matano ya kila upande. Ukikazwa, modeli ya plastiki ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi) huonekana kama mwanasesere.

Panga viungo vya mnyororo kwenye rula: kimoja chenye jino, kinachofuata bila jino. Paka gundi ya majimaji, subiri kama nusu saa, kisha zungushia magurudumu (yasigandishwe kwenye bodi, ili uchomoe vyote pamoja wakati wa rangi). Chomeka vipande vya sponji kati ya mnyororo na madigadi mpaka kesho yake. Ukiwahi kuuzungushia, viungo huachana. Ukichelewa, huvunjika kwenye gurudumu la kuendeshea, lile la nyuma.

Mnara wa mzinga ulikuwa wa chuma cha kusubu, chenye uso wa kukwaruza, lakini uso wa plastiki ya kiwandani mara nyingi ni nyororo mno. Donoadonoa puti ya majimaji kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Ikikauka, pitisha msasa namba 600 kidogo tu. Bodi iache kama ilivyo: hiyo ni mabamba yaliyochomelewa.