Siku Moja Maishani Mwangu: Mwandishi wa Michezo na Zawadi Asizoziomba

Saa 2:00 asubuhi. Barua pepe za leo nyingi ni mialiko. Kampuni ya viatu inataka nivijaribu viatu vyake vipya bila masharti, na mdhamini mmoja amenitengea viti viwili katika jukwaa la wageni mashuhuri. Viatu nimekubali kuvijaribu, ila nitavirudisha tathmini ikishachapishwa. Viti nimevikataa, kwa kuwa kitambulisho changu cha kazi kinaniruhusu kuketi na waandishi wenzangu, na hapo ndipo mahali pangu.

Saa 4:30. Nimefika kwenye mkutano wa klabu na waandishi wa habari. Chai na maji sina ugomvi navyo. Kando ya karatasi ya mahudhurio, hata hivyo, imepangwa mifuko yenye majina yetu, na ndani ya wangu kuna jezi iliyochapishwa jina langu mgongoni na, chini yake, bahasha iliyoandikwa "nauli". Aliyebuni jezi hiyo anaijua kazi yake, kwa maana zawadi yenye jina lako huwezi kuomba apewe mwingine, na kuikataa huonekana kama kumkataa mwenyewe aliyeitoa. Nimemrudishia afisa habari mfuko mzima kabla mkutano haujaanza, nikamweleza kwa upole kwamba nauli yangu hulipwa na ofisi. Mwenzangu mmoja akanitania kwamba mkono mtupu haulambwi. Simlaumu sana, kwa sababu yeye hulipwa kwa kila habari inayotumika, na mwajiri anayemtuma kazini bila nauli anajua fika ni nani atakayeitoa.

Saa 5:15. Nimeuliza kuhusu wachezaji wanaosemekana kudai mishahara yao. Ukumbi umetulia, na wenzangu kadhaa wameinamia simu zao. Zawadi huanza kudai malipo yake hapo, kwa maana ni nadra mtu kuandika uongo kwa ajili ya jezi, lakini kumuuliza swali chungu mtu aliyekupa nauli nusu saa iliyopita kunahitaji ukavu wa macho ambao wengi wetu hatuna. Jibu lenyewe lilikuwa fupi: suala hilo linashughulikiwa.

Saa 9:00 alasiri. Katika chumba cha habari, mwandishi chipukizi ameniuliza kama tunazidisha ukali. Nimemkumbusha Kombe la Dunia la 2014, ambapo shirikisho la soka la Brazil liliwagawia viongozi wa soka saa za mkononi zenye thamani ya faranga 25,000 za Uswisi kila moja, zikiwa ndani ya mifuko ya zawadi, na baadaye Kamati ya Maadili ya FIFA ikaagiza zirudishwe. Vyombo vya habari viliwaandama viongozi hao, na ilikuwa haki. Lakini mwandishi ambaye kabati lake limejaa jezi za bure angeiandika habari ile kwa uso gani? Tangu 1954, Azimio la Bordeaux la Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari linahesabu kupokea hongo ya namna yoyote, ili habari itolewe au izimwe, kuwa kosa zito la kitaaluma. Chipukizi akajibu kwamba jezi si hongo. Ni kweli, jezi moja si hongo. Shida ni kwamba anayeigawa ana subira kuliko anayeipokea.

Saa 12:00 jioni. Wachezaji wawili wamenithibitishia madai yao, kila mmoja kwa wakati wake. Afisa habari hapokei simu zangu. Nimeandika kwamba klabu imetafutwa bila mafanikio, nikamkabidhi mhariri habari hiyo.

Saa 2:30 usiku. Klabu hiyohiyo imetoa nafasi kwa waandishi katika ndege ya timu kwa mechi ya ugenini. Nimemwomba mhariri tulilipie kiti changu. Amejibu kwamba bajeti haitoshi. Basi mechi hiyo nitaiandika nikiitazama kwenye televisheni, na msomaji ataelezwa hivyo katika aya ya kwanza.